Masinagogi ya Zamani za Warumi na Jinsi Yalivyojengwa

Asomaye Injili na Matendo ya Mitume hukutana na neno sinagogi karibu katika kila safari ya Bwana wetu na ya Mtume Paulo. Walakini ni walimu wachache wawezao kumjibu mwanafunzi aulizaye nyumba hiyo ilikuwa na sura gani. Picha zitundikwazo madarasani huonyesha jengo lililo kama kanisa: mbele pana pazia, watu wameketi safu kwa safu wakitazama upande mmoja, na juu pana roshani ya wanawake. Tumeyalinganisha hayo na yale yaliyofukuliwa ardhini kwa muda wa miaka mia na zaidi, tukaona ya kuwa picha hizo zimetwaa mambo ya karne zilizofuata zikayatia katika siku za Bwana wetu. Na mwalimu akilikosea jengo, huikosea pia habari iliyotendeka ndani yake. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wenzetu mawe yenyewe yasemavyo.

Tuanze na jina. Sinagogi ni neno la Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni kukusanyika, au watu waliokusanyika. Baadaye ndipo jina la mkutano lilipohamia katika nyumba ya mkutano. Waebrania husema beth ha-kneset, yaani nyumba ya makusanyiko. Mzizi huo, ulio na maana ya kukusanya, watuhusu sisi tusemao Kiswahili kuliko tudhanivyo. Kwa lugha ya Kiaramu mkutano wa Wayahudi na nyumba yao viliitwa kenishta. Waarabu wakalipokea neno hilo wakaliita kanisa nyumba ya ibada ya Wakristo, na kwao limefika pwani yetu. Basi kila tusemapo kanisa twatamka, pasipo kukusudia, jina la kale la sinagogi. Wayahudi waliokaa ugenini walikuwa na jina jingine tena, proseukhe, maana yake sala au mahali pa sala. Jina hilo limeonekana juu ya mawe yaliyochongwa nchini Misri wakati wa Mfalme Ptolemaio wa tatu, aliyetawala toka mwaka 246 mpaka mwaka 221 kabla ya Kristo. Nalo ndilo alilolitumia Luka katika habari za Filipi, Paulo alipokwenda kando ya mto siku ya sabato akawakuta wanawake waliokutana huko.

Ushahidi ulio bora juu ya kazi ya nyumba hiyo, Hekalu lilipokuwa lingali limesimama, ni jiwe lililofukuliwa Yerusalemu mwaka 1913 ndani ya birika la kale, kusini ya mahali pa Hekalu. Lina mistari kumi ya Kiyunani. Mwenye kuliandikisha ni Theodotos mwana wa Vettenos, kuhani na mkuu wa sinagogi, ambaye baba yake alikuwa mkuu wa sinagogi, na babu yake vivyo hivyo. Ataja ya kuwa alijenga nyumba ile kwa kusomewa torati na kufundishwa amri, pamoja na nyumba ya wageni, vyumba, na mahali pa maji kwa wahitaji watokao nchi za mbali. Tena asema msingi uliwekwa na baba zake na wazee na mtu aitwaye Simonides. Wenzetu na waliangalie vizuri jiwe hili. Sala haikutajwa hata mara moja. Si kwamba watu hawakusali, hasha. Lakini mtu aliyetaka kuwaambia wapitao sababu ya kujenga, alitaja kusoma, na kufundisha, na kumlaza mgeni. Sadaka na dhabihu zilikuwa na mahali pake, pale juu Hekaluni, na kuhani Theodotos alilijua hilo kuliko sisi.

Tukiisha kulisoma jiwe hilo, majengo yenyewe hayatushangazi. La kwanza tulitajalo ni lile la Gamla, mji uliokuwa juu ya kilima chenye mgongo kama wa ngamia, mashariki ya bahari ya Galilaya. Majeshi ya Vespasiano yaliuteka mwaka 67, wala haukukaliwa na watu tena. Ndiyo sababu sinagogi lake halikuchanganywa na majengo ya siku za baadaye. Walianza kuufukua mwaka 1976. Ukumbi wake una urefu wa meta 20 hivi na upana wa meta 16 hivi. Kuzunguka kuta zote nne pana viti vya mawe vilivyopandana kama ngazi, kisha nguzo, na katikati pameachwa wazi. Nje, karibu na nyumba, pana birika lenye ngazi la kutawadhia. Hapana madhabahu, wala mahali palipotukuzwa kuliko pengine.

Ngome ya Masada yatupa mfano huo huo katika hali ya taabu. Waasi waliojificha huko mpaka ngome ilipoanguka, mwaka 73 au 74, walikuta chumba kilichojengwa zamani za Herode ndani ya ukuta wa boma, wakakigeuza, wakaongeza madaraja ya viti vya udongo na mawe kando ya kuta. Yigael Yadin, aliyefukua huko toka mwaka 1963 mpaka 1965, alikuta chini ya sakafu ya chumba kidogo cha nyuma vipande vya chuo cha Ezekieli na vya Kumbukumbu la Torati. Watu waliokuwa wakingoja kifo, wenye haja ya kila jiwe kwa vita, walitwaa mawe wakajenga mahali pa kuketi na kusikiliza. Twaona hapo jambo walilodhani kuwa ni la lazima, na mambo yaliyoweza kuachwa.

Wasomaji wetu wa pwani hawana haja ya kuelezwa viti hivyo kwa maneno mengi. Katika Kiswahili baraza ni kile kiti cha mawe kilichojengwa ukutani, tena baraza ni mkutano wa watu wenye shauri. Hatuoni neno lifaalo zaidi kwa sinagogi la karne ya kwanza, kwa kiti na kwa mkutano pia. Ndani yake wazee waliamua mambo ya mji, na wahalifu waliadhibiwa humo, kama Injili isemavyo. Josephus aeleza katika habari za maisha yake ya kuwa watu wa Tiberia walikutana katika nyumba kubwa ya sala kubishana juu ya vita na Warumi, naye karibu auawe humo. Wako wataalamu wasemao ya kuwa sinagogi lilirithi kazi za lango la mji, pale wazee wa Israeli walipoketi zamani, nasi twaona maneno yao yana nguvu. Wengine hulinganisha ukumbi wa Gamla na nyumba za mabaraza ya miji ya Kiyunani, zilizokuwa na viti vya ngazi vivyo hivyo. Hayo mawili hayapingani. Mjenzi hutumia umbo alionalo kwa jirani kwa kazi aliyorithi kwa babu.

Kuhusu nguzo, yafaa kusema kidogo. Mtu aweza kuuliza kwa nini waliziweka mbele ya watu waliokaa, zikawazuia kuona. Sababu ni paa. Mti wa dari hauwezi kuvuka nafasi kubwa kupita urefu wake, kama mafundi wetu wa pwani wajuavyo juu ya boriti, ambazo kwa ajili yake vyumba vya nyumba za mawe za kale ni vyembamba. Atakaye ukumbi mpana hana budi kusimamisha nguzo. Na watu wa Gamla hawakuona hasara, kwa kuwa walikuja kusikia zaidi kuliko kutazama.

Sasa tusome tena habari ya Nazareti katika sura ya nne ya Luka. Bwana wetu alisimama kusoma, akapewa chuo cha Isaya na mtumishi, akakikunja akakirudisha, akaketi, na macho ya wote yakamwelekea. Mwanafunzi aliyezoea kanisa letu hudhani alipoketi ndipo alipomaliza. Lakini kuketi ndiko kulikokuwa kuanza kufundisha. Tena watu walikuwa pande zote nne, wakitazamana, hata aliyeketi barazani miongoni mwao alionekana na kila mtu, na kila mtu alionwa na mwenziwe akikubali au akikasirika. Ghadhabu iliyofuata twaielewa vema zaidi tukiiona katika chumba cha namna ile.

Mwaka 2009 palipatikana sinagogi jingine huko Magdala, kando ya bahari ya Galilaya, watu walipotaka kujenga nyumba ya wageni. Ni dogo, lenye mabaraza kuzunguka ukumbi, kuta zilizopakwa rangi, na sehemu ya sakafu iliyopambwa kwa vijiwe vilivyopangwa. Ndani yake ilionekana sarafu iliyopigwa Tiberia mwaka 29. Tena katika ukumbi palikuwa na jiwe la mraba lililochongwa pande zake, na upande mmoja pana kinara cha taa chenye matawi saba na mtungi kulia na kushoto. Wako wasemao lilikuwa meza ya kuwekea chuo. Kwa habari yetu lililo kubwa ni hili, kwamba Hekalu lilikuwa lingali limesimama, na fundi wa Galilaya amechonga kinara chake katika nyumba ya mkutano. Mbegu ya mambo yaliyokuja baadaye ilikuwa imekwisha kupandwa.

Kabla ya kuyafikia hayo, tutazame kidogo ugenini, ambako kila jamii ilijenga kwa kadiri ya mji wake. Walimu wa Kiyahudi waliliadhimisha sinagogi kubwa la Iskanderia nchini Misri, lililoangamia zamani za Kaisari Trajani. Walisimulia ya kuwa lilikuwa na safu mbili za nguzo, na ya kuwa watu hawakuketi ovyo, bali wafua dhahabu mahali pao, wafua fedha mahali pao, na wafumaji mahali pao, hata mgeni maskini akiingia aliwatambua watu wa kazi yake akapata riziki kwao. Nyumba ilikuwa kubwa, sauti isifike mwisho wake. Basi mtu alipunga kitambaa ili watu wajue wakati wa kuitika Amina. Pengine wasimulizi walitia chumvi, lakini desturi yenyewe yaaminika. Huko Ostia, bandari ya Rumi, wajenzi wa barabara ya kwenda uwanja wa ndege walikuta sinagogi mwaka 1961, lenye nguzo nne kubwa za marumaru penye maingilio ya ukumbi na chumba cha jiko chenye tanuru. Jiwe moja lamtaja Mindius Faustus aliyeigharimia nyumba kwa mali yake akatengeneza na sanduku la torati. Mstari wa kwanza ni wa Kilatini, wa kumtakia Kaisari afya, na iliyobaki ni ya Kiyunani. Sardi, mji utajwao katika Ufunuo, ulikuwa na sinagogi kubwa kupita yote tuyajuayo. Lilifukuliwa tangu mwaka 1962. Lilikuwa sehemu ya jengo la hamamu na mazoezi la mji wenyewe, kisha likawa la Wayahudi, na ukumbi na ua wake pamoja vyapita meta 80 kwa urefu. Huko hakuna mabaraza kando ya kuta. Wazee peke yao walikuwa na viti vya mawe vya nusu duara mwisho wa ukumbi, na mbele yao meza ya marumaru yenye tai waliochongwa miguuni pake. Paulo angeingia humo asingejua alipo.

Yaliyoligeuza jengo lile lililokuwa baraza tupu ni mambo mawili: maangamizo ya Hekalu mwaka 70, na muda mrefu. Twasema muda mrefu kwa kuwa mabadiliko hayakuja kwa siku moja, wala kwa amri ya mtu mmoja. Kwanza nyumba ilipata kibla. Sulemani katika sala yake alikuwa amewataja waombao wakiuelekea mji, na Danieli alisali madirisha yake yakielekea Yerusalemu; sasa ukuta wenyewe ulianza kuelekea huko. Katika Galilaya, iliyo kaskazini ya Yerusalemu, milango mikubwa ilitazama kusini. Kisha chuo cha torati, ambacho zamani kililetwa ukumbini wakati wa kusomwa, kilipewa makao ya kudumu: kidaka ukutani, au kijumba cha mawe chenye nguzo mbili. Mwaka 1981 huko Nabratein katika Galilaya ya juu ilipatikana sehemu ya juu ya kijumba cha namna hiyo, cha karne ya tatu, yenye simba wawili waliochongwa na tundu la kutundikia taa. Ilikuwa imevunjika, na watu wa baadaye waliitumia kama jiwe la kawaida katika kujenga jukwaa. Huko Korazini kimepatikana kiti cha jiwe jeusi chenye maandishi ya Kiaramu ya kumkumbuka Yudani mwana wa Ishmaeli. Wengi hukiita kiti cha Musa, kwa kukumbuka maneno ya Mathayo, nasi hatuna neno juu ya jina hilo, mradi mwalimu asisahau ya kuwa kiti hiki ni cha karne nyingi baada ya Mathayo.

Hakuna mahali palipotufunza mengi juu ya badiliko hili kama Dura-Europos, ngome ya Warumi kando ya mto Frati nchini Siria. Wafukuaji wa Kimarekani na wa Kifaransa walilifunua sinagogi lake mwaka 1932. Lilikuwa nyumba ya mtu tangu mwanzo, likapanuliwa, na vigae vya dari vilikuwa na maandishi ya kuonyesha ya kuwa lilijengwa upya mwaka 244 au 245, chini ya mzee Samweli aliyekuwa kuhani. Mabaraza yazunguka kuta kama Gamla. Lakini katika ukuta wa magharibi, ulio upande wa Yerusalemu, pana kidaka cha torati, na juu yake wamechora Hekalu, na kinara, na Ibrahimu akitaka kumtoa mwanawe, amesimama akitupa kisogo. Zaidi ya hayo, kuta zote zilijaa picha. Musa aokolewa mtoni. Israeli wavuka bahari. Samweli ampaka Daudi mafuta. Eliya yuko Karmeli. Mordekai amepanda farasi. Na mifupa mikavu ya Ezekieli yapata uhai, na mkono wa Mungu waonekana ukitoka juu.

Kabla ya mwaka ule wataalamu wengi walishika ya kuwa Wayahudi kwa ajili ya amri ya pili hawakuchora sura za watu kamwe. Ukuta mmoja ulitosha kuyapindua maneno ya vitabu vingi. Na jinsi ulivyohifadhika ni ajabu. Mwaka 256 Waajemi waliuzingira mji, na wenyeji wakajaza udongo katika nyumba zote zilizokuwa karibu na boma ili kulitia nguvu. Mji ulianguka, lakini udongo ule ukazifunika picha muda wa karibu miaka 1,700. Katika mtaa uo huo wa bomani, ndani ya udongo uo huo, palipatikana pia nyumba ya Wakristo yenye chumba cha ubatizo na picha ya Mchungaji Mwema. Nayo ilikuwa nyumba ya kukaa watu iliyogeuzwa. Wayahudi na Wakristo wa Dura walikuwa wamejenga kwa njia moja, kwa kubomoa ukuta wa ndani wa nyumba ya mtu ili mkutano upate nafasi. Picha za sinagogi zilipelekwa Dameski katika nyumba ya makumbusho ya taifa.

Roshani ya wanawake tutaisema kwa ufupi. Waliochora ramani za masinagogi ya Galilaya mwanzoni mwa karne ya ishirini waliona nguzo pande tatu za ukumbi, wakadhani zilichukua ghorofa, na ghorofa wakawapa wanawake, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa katika masinagogi ya Ulaya waliyoyajua. Hakuna maandishi ya mawe wala ya walimu wa zamani zile yasemayo ya kuwa roshani katika sinagogi iliwekwa kwa ajili ya wanawake. Mawe yatajayo wanawake yako, tena si machache: wametoa mali ya kujengea, na huko Smirna mmoja aitwaye Rufina apewa cheo cha mkuu wa sinagogi. Picha za madarasani zenye wanawake wakichungulia kwa juu tungeziondoa.

Yabaki Kapernaumu, nalo ndilo neno gumu zaidi, kwa kuwa picha ya magofu yake imo katika vitabu vingi vya mafundisho. Ukumbi wa mawe meupe ya chokaa, urefu wake wapata meta 24 na upana karibu meta 19, una milango mitatu upande wa kusini, na nguzo pande tatu, na michoro ya mitende, na kinara, na gari la magurudumu lichukualo kitu kama hekalu dogo. Wengi wamewaambia wanafunzi ya kuwa ndani ya kuta hizi Bwana wetu alifundisha. Wajerumani Kohl na Watzinger, waliofukua mwaka 1905, walidhani ni jengo la karne ya pili au ya tatu. Kisha mapadre wa Kifransisko, Corbo na Loffreda, walianza kuchimba chini ya sakafu mwaka 1968, wakakuta maelfu ya sarafu ndani ya chokaa na kifusi, nyingi za karne ya nne na ya tano. Sarafu haiingii chini ya sakafu iliyokwisha kumiminwa. Wako wanaoshikilia ya kuwa ukumbi ni wa kale zaidi na sakafu tu ndiyo iliyotengenezwa upya. Lakini sarafu zimeonekana pia katika kujaza kwa msingi, nasi twaona wenye kusema mwisho wa karne ya nne au karne ya tano wana haki.

Jambo hili laleta swali kwa mwanafunzi wa historia ya Kanisa. Kaisari Theodosio wa pili katika sheria ya mwaka 423 alikataza masinagogi mapya yasijengwe, akarudia katika sheria ya mwaka 438. Hata hivyo katika karne hiyo hiyo, karibu sana na nyumba ambayo Wakristo waliiheshimu kama ya Petro na kuifanyia jengo la pembe nane, Wayahudi wa Kapernaumu walileta mawe meupe kutoka mbali wakayasimamisha katika mji wa mawe meusi, marefu kuliko kila kitu. Atakayeisoma sheria peke yake atasema Wayahudi wa Galilaya walikuwa wameonewa wakanyamaza. Atakayeyaona mawe atasema vinginevyo.

Na lile sinagogi la akida, ambalo wazee walimsifia mbele ya Bwana wetu? Chini ya ukumbi mweupe zimeonekana kuta nene za mawe meusi na sakafu ya mawe, na wafukuaji wake walizihesabu kuwa za sinagogi la karne ya kwanza. Zaonekana hata leo penye pembe ya kusini-magharibi, mistari ya mawe meusi chini ya ile myeupe, nazo hazikulingana sawasawa na ukuta uliojengwa juu yake.